Mlango wa Mlimani: Nani Amekuwa Akiwachagua Wahadhiri Wetu?

Kila mwaka baada ya mahafali huja ofisini kwangu vijana wawili watatu na swali lile lile: "Mwalimu, nafasi ya kufundisha chuo inapatikanaje?" Hutaka kujua namna ya kujaza taarifa kwenye Ajira Portal, barua ya maombi ielekezwe kwa nani, wadhamini watatu watoke wapi, na kama GPA ya 3.7 ina matumaini yoyote. Huwajibu kadiri nijuavyo, kwa kuwa hayo ni maswali halali ya mtu anayetafuta riziki. Lakini mimi ni mwalimu wa historia, na najua kwamba swali hilo ni kongwe kuliko tovuti yoyote. Tangu Afrika Mashariki ipate elimu ya chuo kikuu, kumekuwa na mtu aliyeketi mlangoni akiamua nani aitwe mwanazuoni. Mtu huyo amebadilika mara kadhaa, na kila alipobadilika, kilichofundishwa darasani kilibadilika pamoja naye. Hili la pili ndilo linalosahauliwa sana, hata na sisi tulio ndani.

Bawabu wa kwanza alikaa London. Tume ya Asquith ya mwaka 1945 ilipendekeza vyuo vikuu vya makoloni vilelewe na vyuo vya Uingereza, na mwaka 1946 likaundwa baraza la pamoja la vyuo hivyo ambalo, miongoni mwa kazi zake, lilikuwa kuwatafutia walimu. Makerere ilipopandishwa hadhi mwaka 1949, shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mitihani ilipitiwa na London, na walimu wengi walisailiwa London kabla hawajaiona Kampala. Chuo cha Dar es Salaam kilizaliwa chini ya mpango huo huo. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi kumi na watano. Mkuu wake wa kwanza, Cranford Pratt, alitoka Kanada. Kuhamia Mlimani kulikuja mwaka 1964.

Sitaki kuwabeza walimu wale wa mwanzo. Wengi walikuwa wachapakazi, na baadhi walikuja kwa sababu waliiamini nchi changa. Ila tuutazame utaratibu wenyewe. Tangazo la kazi lilitoka kwenye magazeti ya Uingereza, wasaili walikuwa maprofesa wa Uingereza, na serikali ya Uingereza iliendelea kuwaongezea raia wake fedha juu ya mshahara wa chuo hata baada ya Uhuru. Kijana wa Moshi au wa Bukoba hangeweza kuliona tangazo lile. Na ikiwa aliliona, alipaswa kuonekana mwanazuoni machoni pa watu waliokuwa na picha moja tu ya jinsi mwanazuoni anavyofanana. Mwalimu wa mkataba wa miaka miwili mitatu hufundisha alichokuja nacho, na alichokuja nacho hakikuwa historia ya Wapare.

Ndipo ninapopenda kusimama kidogo kwenye Idara ya Historia ya Dar es Salaam, maana humo tunaona mlango ukihama mikononi mwa watu wengine mbele ya macho yetu.

Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, alikuwa Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963 kwa kuwa karibu mno na wazalendo wa Kiafrika. Kwa kipimo cha wasaili wa kawaida, huyo alikuwa mtu wa matatizo. Kwa chuo cha nchi iliyotoka kupata Uhuru mwaka mmodi na ushei nyuma yake, historia hiyo ya kufukuzwa ilikuwa sehemu ya sifa zake. Alikaa hadi mwaka 1969. Katika miaka hiyo idara ilifanya jambo ambalo hadi leo naona ndilo somo kubwa zaidi kuhusu ajira ya kitaaluma katika nchi yetu: iliwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza kazi halisi ya utafiti.

Nazungumzia mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji ulioanza mwaka 1968. Wanafunzi walirudi kwao Kusini na kwingineko wakaketi na wazee waliokuwa wangali wakikumbuka mwaka 1905. Waliuliza maji yalitoka wapi, nani aliyaleta kijijini, nani alikataa, njaa iliyofuata ilikuwaje. Waliyaandika masimulizi yale na kuyafanyia uchambuzi, na chuo kikayakusanya. Wakati huo huo mhadhiri John Iliffe na kijana wa Kitanzania, Gilbert Gwassa, walihariri kitabu kidogo cha kumbukumbu za vita hivyo. Gwassa aliendelea hadi akapata shahada ya uzamivu hapo hapo Dar es Salaam kwa utafiti wa Maji Maji. Isaria Kimambo naye alikuwa ameandika historia ya kisiasa ya Wapare kwa kutegemea masimulizi ya wazee, akapata uzamivu wake Marekani mwaka 1967 na kurejea kufundisha. Mwaka 1969 yeye na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho wengi wetu tulikikuta kwenye rafu za maktaba kikiwa kimechakaa kwa kusomwa.

Angalia basi jinsi mtu alivyoingia katika idara ile. Alionekana kwanza. Alionekana na mwalimu aliyemfundisha, aliyesoma insha zake mwaka hadi mwaka, aliyemwona akirudi kutoka kijijini na daftari lililojaa au na daftari tupu. Kisha alipelekwa ng'ambo kwa ufadhili, aghalabu wa Rockefeller, iliyokuwa ikivisaidia vyuo vitatu vya Afrika Mashariki kuwaandaa walimu wenyeji. Aliporudi alikuta kiti kimewekwa, maana zilitengwa nafasi maalumu za uhadhiri kwa ajili ya Waafrika kabla hata mgeni aliyekuwa akishika somo hilo hajaondoka. Ile ngazi ya chini kabisa, ambayo Mlimani kila mtu huiita TA, ilitokana na fikra hiyo: idara humbakiza mwanafunzi wake bora, humlea, humsomesha, humrudisha.

Na waliokuja kutoka nje nao walikuja kwa njia ambazo hazikutarajiwa. Walter Rodney alifika Dar es Salaam mwaka 1966 akiwa na miaka ishirini na minne na uzamivu wa London mkononi. Aliondoka kwenda kufundisha Jamaika, na Oktoba 1968 serikali ya huko ikamzuia kurudi nchini humo alipokuwa akitoka kwenye mkutano Montreal. Mwaka uliofuata alikuwa Mlimani tena, akabaki hadi 1974. Kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika kilichapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House kwa ushirikiano na wachapishaji wa London. Mahmood Mamdani, aliyepoteza kazi yake Makerere na nchi yake kwa mkupuo mmoja Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alianza kufundisha Dar es Salaam mwaka uliofuata. Sifa ya "Mlimani ya miaka ile", ambayo wazee wetu hawachoki kuisimulia, kwa kiasi kikubwa ni sifa ya chuo kilichokuwa tayari kuwaajiri watu ambao wengine waliwaogopa.

Nasema kwa kiasi kikubwa kwa sababu sipendi kuipamba. Chuo hicho hicho kiliona karibu wanafunzi 400 wakirudishwa makwao mwaka 1966 kwa kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na jarida la wanafunzi Cheche likapigwa marufuku mwaka 1970, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kamili chenye kujitegemea. Makamu mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alikuwa ametokea kwenye uongozi wa TANU. Serikali mpya ilijua vyema kama London ilivyojua kwamba anayeshika mlango anashika na mtaala.

Kwa majirani jambo hili lilionekana bila pazia. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi Nairobi, aliwekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka 1977. Alipoachiliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake. Hakukuwa na usaili wala hukumu ya kitaaluma iliyomwona hafai. Mwaka 1982 wahadhiri wengine kadhaa wa Kenya walikamatwa, miongoni mwao Willy Mutunga, mtu ambaye miongo mitatu baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo hiyo. Rodney naye aliporejea Guyana mwaka 1974, alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa historia katika chuo kikuu cha kwao. Serikali ikaingilia kati na uteuzi ukafutwa. Alibaki nchini bila kazi ile, akiishi kwa mihadhara na maandishi na kuingia zaidi katika siasa, hadi bomu lilipomuua tarehe 13 Juni 1980. Huwa nawaeleza wanafunzi wangu habari hii wanapodhani kwamba ajira ya chuo ni suala la vyeti peke yake.

Okot p'Bitek ananivutia zaidi kwa namna nyingine. Oxford iliikataa tasnifu yake ya uzamivu kuhusu dini ya Waluo wa kati. Mwaka 1971 ikatoka kama kitabu, na katika miaka hiyo hiyo Nairobi ikamwajiri. Hakuwahi kuwa na uzamivu. Mwaka 1982 Makerere ilimfanya profesa wa uandishi wa kubuni, akafariki miezi michache baadaye. Leo hii mfumo wa maombi ungemrudisha nyuma kwenye ukurasa wa kwanza.

Bawabu wa tatu hakuwa mtu, alikuwa upungufu wa fedha. Miaka ya 1980 shilingi iliporomoka na mshahara wa mhadhiri ukawa hautoshi hata nusu mwezi. Wengi walikwenda Botswana, Lesotho na Swaziland. Waliobaki walifuga kuku, na simaanishi hilo kama tamathali ya semi. Kisha ukaja mpango wa kupunguza watumishi wa umma chini ya marekebisho ya uchumi, na ajira mpya zikafungwa kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1990. Chuo kisichoajiri kwa miaka kumi hakionekani kimeathirika siku ile; wazee wapo, mihadhara inaendelea. Pengo huonekana miaka ishirini baadaye, wale wazee wanapostaafu kwa pamoja na nyuma yao hakuna wahadhiri waandamizi wa kushika nafasi. Mwaka 2018 sheria ilipobadilishwa ili maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wafanye kazi hadi miaka 65, nilisikia watu wakilalamika kwamba wazee wanawazibia vijana. Mimi niliona ni deni la miaka ya tisini linalipwa kwa awamu. Na mwaka 2016, kabla deni hilo halijaisha, ajira na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma vilisimamishwa tena ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Watu waliokuwa na barua zao mkononi wanajua ilivyokuwa.

Pengo hilo la miaka ya 1990 lilijazwa na kitu kingine. Mtafiti, au mchunguzi kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilivyomwita tangu mwaka 1964, alikuwa mtu mwenye mshahara na swali lake mwenyewe. Katika miaka hiyo akageuka kuwa mshauri wa mradi mwenye mkataba wa miezi mitatu na swali la mfadhili. Vijana wengi walioniuliza juu ya kazi za utafiti walikuwa na maana hiyo: kukusanya takwimu kwa posho ya siku, kujaza dodoso kwenye kishikwambi, na kuona jina lao halipo popote ripoti inapotoka. Ni kazi ya heshima, lakini si njia ya kuingia chuoni, na wakuu wa miradi wanaowaambia vijana kwamba "ni uzoefu" wanajua hivyo.

Nafika sasa kwenye bawabu wa leo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilianza kazi mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2007. Kwa vyuo vya umma, kibali cha ajira hutoka Utumishi, nafasi aghalabu hutangazwa kupitia mfumo wa kielektroniki, mwombaji hufanya usaili wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na anayefaulu bila kupata nafasi huwekwa kwenye kanzidata akisubiri kupangiwa kituo. Kuhusu sifa, matangazo ya miaka ya karibuni kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza kwa nafasi ya TA, na 4.0 ya umahiri kwa mhadhiri msaidizi.

Watumishi wa umma wanaonisoma wasidhani nitaudhihaki mfumo huu. Ule ulezi wa idara niliousifu ulikuwa na ubaya wake, na ubaya wenyewe haukuwa mdogo. Jicho la mwalimu liliwaona zaidi wanaofanana naye. Liliwaona wa kabila lake, wa dhehebu lake, waliokuwa tayari kumbebea mkoba. Liliwaona wanaume. Wanawake wa kizazi cha akina Penina Muhando, walioandika, wakafundisha na kufika hadi kwenye uongozi wa juu wa taaluma Mlimani, walipita katika mlango uliokuwa mwembamba kwao kuliko kwa wenzao wa kiume. Na binti aliyekataa mwaliko wa mwalimu nje ya saa za kazi alijua kwamba nafasi ya TA imempita. Tangazo la wazi, lenye vigezo vinavyosomeka na kila mtu kutoka Kigoma hadi Kizimkazi, ni haki iliyochelewa kuja.

Tatizo langu ni kile kinachopimwa. Tufanye hesabu ndogo. Mwanafunzi aliyepata wastani wa 3.1 mwaka wa kwanza, pengine kwa sababu mkopo ulichelewa na alilala kwa jamaa Mbagala akipanda mabasi mawili kufika darasani, kisha akapata 4.0 mwaka wa pili na 4.1 mwaka wa tatu, kama kozi zina uzito sawa anamaliza na 3.73. Mlango umefungwa kwake. Mwenzake aliyepata 3.8 miaka yote mitatu bila kupanda wala kushuka anapita. Inawezekana wa pili ndiye bora. Lakini mfumo haujauliza, na hauna mahali pa kuuliza. Hakuna anayesoma tasnifu ya yeyote kati yao. Usaili wa mchujo hupima kumbukumbu ndani ya saa moja au mbili, na jopo la mahojiano lina dakika chache kwa kila mtu kwenye foleni inayofika nje ya jengo.

Na hapo ndipo somo linapobadilika, kama lilivyobadilika kila mara mlango ulipohama. Wanafunzi wetu wanajua kanuni hii vizuri kuliko sisi. Wanachagua kozi za hiari ambazo mwalimu wake anagawa alama kwa ukarimu. Wanakimbia kozi ya falsafa ya historia kwa kuwa mwalimu wake ni "mgumu". Nimemwona kijana mwenye kipaji akiacha mada ya tasnifu iliyomhitaji kukaa Liwale mwezi mzima, akachukua nyingine ya dodoso hamsini mjini, akaniambia waziwazi kwamba hawezi kuhatarisha A. Sikuweza kumlaumu. Kama ningekuwa na miaka ishirini na mitatu leo, ningefanya vivyo hivyo. Wanafunzi wa mwaka 1968 walikwenda kwa wazee wa Maji Maji kwa sababu kule ndiko idara ilikokuwa ikitazama.

Pendekezo langu si kurudi nyuma, na wala halihitaji sheria mpya. Kigezo cha alama kishushwe hadi 3.5, ambapo daraja la juu la pili linaanzia, kiwe cha kumruhusu mtu kuomba na si cha kumwondoa. Kisha kila mwombaji aambatishe andiko lake moja, tasnifu au sehemu yake, likiwa na namba badala ya jina. Andiko hilo lisomwe na wanataaluma wawili wa somo hilo, mmoja wa chuo kinachoajiri na mwingine wa chuo kingine, nao waandike ukurasa mmoja wa maoni kabla mwombaji hajaitwa kwenye usaili. Sekretarieti ibaki na kazi yake ya kuhakikisha hakuna aliyependelewa. Majarida ya kitaaluma yamekuwa yakisoma makala kwa njia hii kwa miaka mingi, nasi wahadhiri tunapandishwa vyeo kwa machapisho yanayotumwa kusomwa nje ya chuo. Anayetaka uprofesa kazi yake husomwa kabla hajapewa. Anayeanza, ambaye tutakaa naye miaka arobaini, hasomwi na mtu.

Nimeambiwa kwamba gharama ingekuwa kubwa na waombaji ni maelfu. Kwa nafasi moja ya TA ya historia, baada ya kigezo cha 3.5 na sharti la kuleta andiko, sidhani wangebaki maelfu. Kama idara haina watu wawili walio tayari kusoma kurasa ishirini za mtu watakayefanya naye kazi, basi idara hiyo ina shida nyingine, na Utumishi hawawezi kuitibu.

Kwa wale vijana wanaokuja ofisini: wasifu wako uwe wa kurasa chache na wa kweli. Usiweke mdhamini asiyekukumbuka. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye vyeti vyote na cheti cha kuzaliwa kabla tangazo halijatoka, maana hati ya kiapo ya dakika za mwisho imewaangusha wengi. Na ile tasnifu iliyopata B+ kwa sababu uliuliza swali gumu usiitupe. Ichapishe hata kama makala fupi kwenye jarida la hapa nyumbani. Milango ya kutafuta ufadhili wa umahiri bado inafunguliwa na watu wanaosoma.

Wanasekretarieti na wakuu wa idara wanaopitia hapa, wengine wenu nimewafundisha. Nitafurahi kusikia ni sehemu gani ya pendekezo hili haiwezekani, na kwa kanuni ipi.